Folio ya Arobaini na Mbili

Barua zangu zote za mwaka ule zilianza hivi:
Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Zote zikaishia hivi:
Tunathamini ushirikiano wako.
Katikati paliachwa nafasi ya jina,
na mimi, karani wa dirisha la tatu, Moshi mjini,
nililipwa mshahara kujaza ile nafasi.

Ndipo akashuka Mama Kaanaeli kutoka Uru
na mvua ya Aprili, viatu mkononi,
bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa rambo
ndani ya mfuko mwingine wa rambo.
Mumewe alishona magunia miaka ishirini na sita
mpaka kifua chake chenyewe kikawa gunia.
Usiku, alisema, ungesikia katani ikikwaruza.
Kila mwezi walimkata.
Kila mwezi alitia sahihi kwamba amekatwa.

Tatizo lilikuwa W.
Kwenye kadi ya uanachama: Ndewirwa.
Kwenye cheti cha kifo: Ndeirwa.
Mfumo haukubali watu wawili wafe kifo kimoja.

Nikamwandikia: leta kiapo.
Akauza mbuzi, akaleta kiapo.
Nikamwandikia: leta cheti cha ndoa.
Akaleta cha kanisani, mende wamekula tarehe.
Nikamwandikia: suala lako limefikishwa makao makuu.
Hapo hakuwa na cha kuleta.
Akaja tu, akakaa kwenye benchi.

Wiki hiyo redio ya mlinzi ilikuwa bungeni.
Mtu ameuliza habari za mafao, mwingine anajibu:
Serikali inatambua. Serikali inaendelea.
Wahusika wawe na subira.
Nilizijua sentensi zile. Ni zangu.
Nilizipandisha juu kwenye taarifa ya robo mwaka,
sasa zimerudi zimevaa suti.
Mama Kaanaeli alisikiliza mpaka mwisho
kisha akauliza, kwa adabu kabisa:
"Huyo naye anakaa dirisha la ngapi?"

Jumatatu alikuja bila bahasha.
Akaweka kaunta jani moja refu, bichi, lina matone.
Mimi ni mtu wa Singida. Nilidhani ni la kufutia vumbi.
Lakini Mmasi wa dirisha la pili alisimama,
akavua kofia yake ya sufi, akaninong'oneza:
"Isale hilo. Ndugu waliotoleana panga kwa ajili ya kihamba,
likiletwa hilo wanakaa chini.
Likishafika mbele yako, bwana, huna hapana."

"Mama, nani amekosa?"
"Sijui. Mtu amekosa mahali.
Kama ni mume wangu, aliyejifunza kuandika ukubwani,
namwombea radhi.
Kama ni yule kijana wa hospitali
aliyejaza cheti huku anatazama saa, namwombea.
Na kama ni..."
Hakumalizia. Alikuwa ananitazama mikono.

Kwa mujibu wa taratibu
kila kinachopokelewa kinasajiliwa.
Nikaligonga mhuri: IMEPOKELEWA.
Wino ukateleza, nikagonga tena.
Nikalitoboa matundu mawili, likatoa maji kidogo.
Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: 42.
Nikafunga jalada, nikalituma
pamoja na mengine kumi na tisa, kwa basi la usiku.

Wiki saba.

Kisha jibu:
Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Kielelezo kilichopo folio ya 42 hakisomeki.
Wasilisha nakala iliyothibitishwa.
Tunathamini ushirikiano wako.

Nimeanza kuwajibu mara nne.
Mara nne nimeandika Husika, nikakata.
Mama Kaanaeli yuko kwenye benchi, amesinzia,
viatu amevipanga chini sawasawa kama vya mgeni.
Mmasi ananiambia, tena bila kunitazama,
nakala ziko tele:
ua wote wa nyuma ya ofisi ni masale,
ule ambao kila Jumamosi ya usafi
mimi ndiye ninayesimamia kufyekwa kwake.