Mizani ya Muuza Vitunguu

Nimeingia Kiboriloni saa tatu asubuhi, Jumatano,
siku ya kumi na nne tangu Korogwe,
soli ya kushoto nimeifunga kwa kamba ya katani
niliyoiokota mpakani mwa shamba, huko Mazinde.
Mlima umejifunika gubigubi.
Nao una haki ya kulala.

Fundi Ndelilio hakuniuliza jina.
Alikipindua kiatu kama asomaye barua ya mwenzake,
akapapasa kisigino, akaguna:
"Mama, wewe waegemea upande mmoja.
Begani ulibeba nini miaka yote hiyo?"

Daftari, nikasema. Daftari la mita za maji.
Miaka ishirini na minne nilitembea nikilipwa,
nyumba kwa nyumba, mbwa kwa mbwa,
nikiinamia mashimo ya vyura na nyigu
kuandika tarakimu ambazo hakuna aliyezipenda.

"Na sasa nani anakulipa?"

Hakuna.

Akacheka hadi sindano ikamponyoka.
Mji huu, atembeaye ama analipwa ama analipa;
wa tatu hawajampa jina.

Kwenye turubai la mitumba nikapata vingine,
vya kahawia, namba arobaini,
vimeshapanda Kibo kwa miguu ya mtu nisiyemjua.
Vumbi la juu lilikuwa bado kwenye mshono,
la kijivu, laini kama majivu ya jikoni.
Muuzaji alitaja elfu sitini.
Nikamwonyesha vidole: kucha mbili nyeusi, moja haipo.
Tukakutana arobaini na mbili,
akatupia na soksi,
kwa huruma, au ili niondoke.
Vile vya zamani Ndelilio kavichukua;
atavikata viraka.
Korogwe yangu itatembea Kiboriloni
chini ya visigino vya watu.

Kifurushi kilifika na basi la jana.
Orodha niliyomwachia shemeji Shekiondo ilikuwa fupi:
unga wa muhogo, dagaa, karanga, chumvi, betri.
Yeye kaongeza mwavuli,
sabuni tatu za mche,
na kopo zima la achari ya embe,
kilo moja kamili ya wasiwasi wake.

Nikamwomba binti wa vitunguu mizani yake.
Begi likaning'inia kwenye ndoano,
mshale ukaenda kumi na saba,
ukatetemeka, ukagoma kurudi.
"Punguza," akasema,
kana kwamba ni yeye atakayebeba.

Basi nikapunguza.
Koti la mvua lililonificha siku nne za ukungu wa Usangi.
Sweta. Blanketi, lenye harufu ya moshi wa watu walionipokea.
Sufuria; nikabaki na kikombe cha bati.
Mbele hakuna mvua, mbele kuna nyika
na jua lisilo na mlango wa kufunga.
Mahali pa sweta nikaweka dumu la lita tano,
mahali pa blanketi, dumu jingine, tupu,
nitalijaza Sanya Juu
na kulitukana hadi Longido.

Achari tuliila palepale, watatu,
kwa mihogo ya kuchoma, tukilamba vidole.
Mwavuli akabaki nao binti.
Mshale ukasema kumi na tatu.

Kikabaki kipande cha chuma, urefu wa shibiri mbili,
kilichopinda nchani:
cha kufunulia vifuniko vya mita.
Sijui kwa nini nilikibeba. Hakipiki, hakikingi jua.
Nilikitia kwenye kifurushi cha kurudi,
nikakitoa,
nikakitia.
Binti akageuza uso, akahesabu vitunguu
ambavyo alikwisha kuvihesabu.
Nikafunga kamba.

Alasiri nikakata Majengo, viatu vigeni vikilalamika,
bega jepesi upande ambao haukuzoea wepesi.
Nje ya duka la mbolea
kifuniko cha mita kilikuwa wazi.

Nikainama.
Sifuri, sifuri, nne, moja, nane.

Sikuandika.