Vikapu Kumi na Tisa

Duka langu halina mlango.
Mihayo, mtoto wa dada, alilijenga usiku mmoja
barazani kwetu Kiloleni, kwa bando la jero,
akaniambia: Mama Mdogo, sasa Tabora nzima ni yako,
na Dodoma, na Dar, na kwingine usikokujua.
Akanionyesha pa kubonyeza. Nikabonyeza.
Asali yangu ikatokea, inang'aa kuliko ilivyo.

Siku ya kwanza walipita watu mia mbili na wanne.
Mia mbili na wanne!
Kule Kachoma sijapitiwa na wengi hivyo
hata mkesha wa Idi.
Nikaosha chupa thelathini, nikazianika.
Nikapika wali.
Hakununua mtu.

Siku ya nane Mihayo akasema: kuna vikapu.
Watu kumi na tisa wameweka asali kikapuni
wakaondoka.
Wameondoka kwenda wapi?
Wameondoka tu, Mama Mdogo.

Nimeuza sokoni miaka ishirini na miwili.
Sijaona mtu ajaze kikapu, akitue chini,
aende zake bila hata kusema "nakuja".
Hata mwongo husema "nakuja".

Usiku ule sikulala. Nikavipanga vikapu kichwani,
nikawauliza wenyewe.

Wewe wa kwanza, uliona nauli ya basi:
elfu nane kusafirisha asali ya elfu saba.
Sikulaumu. Kamba imempita mbuzi bei.

Wewe wa pili ulitafuta pa kuchovya njiti.
Nawajua. Mnachovya, mnaikwaruza kwenye kiberiti,
ikiwaka mnacheka,
ikigoma mnaniita mpika sukari.
Kioo cha simu hakichovyeki.

Wewe wa tatu ulisoma "lipa kwanza",
ukamkumbuka yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii".
Mimi naye tulikuja kwa mlango mmoja,
simu ile ile, mlio ule ule.
Ungenitofautisha kwa nini? Kwa jina?
Kalunde. Kalunde wa nani?

Waliobaki siwajui.
Labda mtoto alichezea simu ya mama yake.
Labda umeme ulikatika.
Labda ni kutamani tu, kama mimi
ninavyosimama duka la vitenge,
nashika pindo, nauliza bei, naachia.
Muuzaji yule naye huwa halali?

Siku ya kumi na mbili simu ikalia mlio mpya.
Chupa moja. Malipo yamepokelewa.
Nilipiga kigelegele hadi jirani akaruka ukuta.
Kisha nikasoma jina la mteja:
Mihayo.

Nikaifunga chupa kwa gazeti, nikaandika jina lake,
nikaibeba hadi chumba cha pili,
nikabisha hodi.
Akapokea bila kuniangalia.
"Sasa," akasema, "linaonekana lina mteja mmoja."

Nikakaa kitandani kwake.
Nikamwambia: ile picha umeioga kupita kiasi.
Asali ya Sikonge ni nyeusi, kama chai
iliyosahauliwa jikoni. Ina moshi wa mzinga.
Ulikuwepo mguu wa nyuki pale shingoni mwa chupa,
umeufuta.
Mguu ule ndio ulikuwa risiti.

Akaguna. Akaurudisha.
Akaweka na mikono yangu, na kiberiti.

Alfajiri nimebeba ndoo kwenda Kachoma.
Kwenye kifuniko nimeandika kwa mkaa jina la duka,
herufi za mwisho zimebanana, nafasi iliisha.
Mama mmoja wa Isevya amechovya kidole,
amelamba, amesoma kifuniko, ameuliza:
"Hili duka liko mtaa gani?"

Nimeshindwa kujibu.
Nimempimia nusu lita, kwa mkopo.
Amesema atalipa Ijumaa.
Namjua. Atalipa.