Mkono Mmoja Mkavu

Kabla ya Musa, kabla Farao hajaota ndevu,
palikuwa na mchungaji na mwezi mpevu.
Kesho yake angehama na kondoo;
usiku huo akachinja mmoja,
akapaka damu kwenye nguzo za hema
ili kile kisichoonekana kipite njia nyingine.
Bonde la pili, mtu wa shayiri
alikuwa akimwaga chachu ya mwaka jana,
unga mpya usirithi uchungu wa zamani.
Hawakujuana.
Sikukuu zao zilioana baadaye, kama majirani wanavyooana,
bila barua, kwa kuzoea kuonana.

Haya nimeyasoma. Babu Eriya hakuyapenda.
“Damu ni ya Misri,” alisema, “usiniletee wachungaji.”

Vitabu vinaiita sikukuu ya machipuko.
Hapa Nangolo, nje ya Mbale,
mgomba hauulizi mwezi ndipo uchipue.
Kinachokuja ni masika:
konokono kwenye kata ya maji,
barabara ya Wanale imekatika tena,
na Pasaka yetu, si ile ya jirani zetu wa misa,
inafika na matope hadi magotini.

Mwaka ule jenerali alipotufungia sinagogi
Babu alioka mkate usiochacha
ndani ya tanuri la matofali, usiku.
Askari walipouliza moshi ni wa nini, alijibu:
“Matofali, afande.”
Wana wa Israeli, matofali.
Alicheka peke yake miaka minane.

Leo hatuna jenerali huyo. Tuna karatasi.
Jumanne mgombea alipita na sukari na picha yake,
akatuita “Waisraeli wangu,” akahesabu vichwa.
Alhamisi ikaja bahasha ya kaka yangu Masolo,
aliyeomba kwenda kusoma Torati kule kule ilikotoka:
*Hatujaridhika kwamba utarudi kwenu.*
Huku ni Waisraeli siku ya kura.
Kule ni wageni wanaonukia kubaki.

Usiku wa kusaka chachu, mama alitangulia na mshumaa,
unyoya wa kuku mkononi,
akifagia chembe za chapati chini ya kitanda.
Kizoleo hakikuonekana.
Akachukua karatasi iliyokuwa karibu,
ngumu, nzuri, yenye muhuri.
Asubuhi akaichoma pamoja na chembe zake.
Sijui kama alijua. Mama anasoma vizuri sana.

Masolo alitoka mbio, akaiwahi kona moja motoni,
ile yenye namba ya faili.
Bila namba hakuna rufaa.
Akaiandika kiganjani kwa kalamu ya wino,
tarakimu kumi na moja, kutoka kidole gumba hadi kifundo.
Siku nzima alitembea ameukunja mkono
kama mtu aliyeshika nzi.
Kwa nini hakuiandika ukutani?
Nilimuuliza. Akasema ukuta si wake,
ni wa Babu, na Babu hataki kwenda popote.

Jioni tukaketi. Mnavu mchungu, maji ya chumvi,
karanga tulizotwanga na ndizi na asali
zifanane na udongo wa utumwani,
na mfupa wa mbuzi, kwani kondoo ni ghali.
Birika likazungushwa, kila mtu akanawa.
Masolo akanawa mkono wa kushoto tu.

Nabukwasi ana miaka sita. Maswali manne
alikuwa ameyakariri wiki mbili, kwa Kiebrania,
akiyaimbia ndama.
Akasimama. Akatazama kile kiganja.
Akayaacha yote manne.

“Mbona mjomba,” akauliza, “usiku huu
ananawa mkono mmoja?”

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati.
Babu, msimamizi wa majibu,
akafungua kitabu, akakifunga,
akasogeza taa karibu na mkono wa Masolo
na kuanza kuisoma namba kwa sauti,
taratibu, kama aya,
nasi, tusijue la kufanya,
tukaitikia.