Lita Moja, Kilomita Ngapi

Daftari la Aminiel lina madoa ya mafuta kwenye kona zote nne.
Safu ya kwanza kilomita, ya pili lita,
ya tatu jibu, amelipigia mstari kwa rula
kama mtoto anayetaka mwalimu aone.
Juni kumi na nne: sita nukta mbili.
Pembeni: Upepo wa mbele. Wageni wanne, masanduku tisa.

Sikulisoma alipokuwa hai.
Gari lilikuwa lake, mimi nilikuwa na vitenge vyangu sokoni.
Alilinunua limechoka, kwa mkandarasi wa barabara,
akalipasua nyuma, akalitia kitanda, jiko, sinki,
akaniita uani, hapa Pasua, nije nione sinki.
Nikafungua bomba. Maji yakatoka.
"Nyumba," akasema.
"Nyumba inayokunywa," nikasema.

Sasa ni langu, na deni lake la benki ni langu,
nami nimejifunza kujaza hadi pampu ikate yenyewe,
kuandika, kwenda, kurudi pampu ileile,
kujaza tena, kugawanya.
Moshi kwenda Arusha ni kupanda, hata ukiona lami imelala:
Boma Ng'ombe hujui, Kikatiti hujui,
ukifika Tengeru mshale umeshakusema.
Kurudi, gari linateremka kama mtu aliyelipwa.

Wageni wa Uholanzi huuliza:
kilomita mia, lita ngapi?
Huku tunauliza: lita moja, kilomita ngapi?
Niliyawaza hayo siku nzima nikifua mashuka yao.
Wao wanataka kujua gari linakula nini.
Sisi tunataka kujua litatufikisha wapi.

Fundi Mchomvu alilala chini ya gari, akaongea na miguu yangu.
"Mama, injini haina kosa. Unabeba."
Basi tukapunguza.
Keria ya juu, iliyokuwa ikipigana na upepo pale tambarare ya KIA, ikashuka.
Tangi la pili la maji, lita themanini, kilo themanini, likashuka;
sasa linanywesha migomba.
Spea ya pili? "Iache. Ukiwa njia ya Natron utanikumbuka."
Viti vya chuma, jenereta isiyowaka, jiwe la kusagia.
Jiwe la kusagia!
Aminiel, ulikuwa unamsagia nani?
Matairi yakaongezwa upepo. Mguu wangu ukafundishwa adabu.
Sita nukta mbili ikawa saba. Ikawa saba nukta sita.
Nikapiga mstari kwa rula yake.

Kisha Mchomvu akagonga kabati.
Mninga mtupu, bawaba za shaba,
mlango unaofungwa kwa ulimi wa mbao
ili vikombe visigombane kwenye matuta.
"Hili kilo sitini halikosi. Tukiweka plaiwudi unagusa nane.
Na mteja akisikia nane, hasikii kingine."

Nikafungua. Upande wa ndani, kwa penseli,
vipimo vyake, kimoja amekikosea, amekikata,
na chini ya kosa: Bega la Aikande.
Ili nisisimame kwa vidole kuchukua sukari.
Mimi, ambaye sikuwahi kulala humo hata usiku mmoja.

Nilipiga hesabu palepale, kwa kalamu, si kwa machozi.
Nukta nne. Safari ishirini kwa mwaka,
kilomita mia tisa kila safari:
lita mia na kumi na nane za dizeli.
Ni mabati kumi, na misumari yake.

"Libaki," nikasema.
Mchomvu akapangusa mikono, akaomba maji ya kunywa.

Usiku ule gari likiwa uani nilipanda nyuma, nikachemsha chai.
Sukari nikaifikia visigino vikiwa chini.
Kwenye daftari, safu ya tatu, nikaandika jibu: saba nukta sita.
Pembeni: Kabati.