Punje Tatu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Iliingia nasi darasani, ikakaa juu ya bati
ikasimulia mambo yake, nasi tukapandisha sauti.
Watoto arobaini na mmoja, masweta ya kijani,
viwiko vimetoboka, vidole vinanukia magimbi.
Mezani, makopo sita ya maziwa ya unga,
kila kopo limebandikwa jalada la kitabu kwa uji mzito.
Langu la nne.
Nilikaa nyuma, dawati la darasa la tatu,
magoti yakinifika kidevuni,
mshitakiwa aliyewahi kufika.

Kwanza walizungumza.
Mwalimu Tupokigwe alitukataza, sisi waandishi,
kufungua kinywa:
"Leo ninyi ndio mnaosomwa."

Akasimama Gwamaka, mwenye kamasi na mamlaka:
"Humu mtoto ana njaa ukurasa wa pili.
Wa tatu ameshiba. Nani alipika?"
Darasa likaguna. Eti, nani alipika?
Nikatazama dari.
Msichana wa dirishani akasema mvua yangu inakatika upesi,
"mistari miwili tu, jua hilo,
labda ni mvua ya Dodoma."
Mwingine: mbwa ni mzuri, ila bibi anasema mno.
"Kila akikaa, funzo.
Bibi yangu mimi akikaa, anamenya ndizi."

Nina cheti nyumbani, kina muhuri wa dhahabu.
Majaji watatu wenye miwani walikisifu kitabu hikihiki
kwa maadili mema na lugha fasaha.
Wote watatu, nakumbuka, walikuwa wametoka kula.

Kisha kura. Kila mtoto punje moja ya harage.
Wakapita mmoja mmoja, wametupa mgongo,
na punje ikianguka ndani ya kopo
ilisema: ti.
Sikio hujifunza haraka. Kopo la pili: ti, ti, ti, ti,
kama mtu anayechambua kwa kasi kabla giza halijaingia.
Kopo la nne lilinyamaza muda mrefu.
Sikujua bati linaweza kunyamaza hivyo.

Kilishinda kijitabu cha kurasa kumi na sita,
kimeshonwa kwa uzi wa gunia,
cha Mama Subilaga, karani wa mizani ya majani ya chai.
Ng'ombe anagoma kuvuka daraja.
Basi. Wanamsukuma, anagoma.
Wanamwimbia, anagoma. Mchungaji anaitwa, anaomba, anagoma.
Ukurasa wa mwisho bado yupo palepale, anatafuna.
Watoto walicheka hadi vioo vikatoka jasho.
Punje ishirini na tisa.
Zawadi: debe la maparachichi
na taji la jani la mgomba lililomshukia puani.
Alilia. Nilipiga makofi;
nusu yake yalikuwa ya kweli.

Kwangu: tatu.

Nafunga vifungo vya koti, akaja mtoto,
Atuganile, mguu mmoja kiatu, wa pili ndala.
"Mimi nilikupa yangu."
Nikainama. Moyo ukasimama
kama mwanafunzi aliyesikia jina lake.
"Kwa sababu ya mbwa?"
"Hapana. Kopo lako lilikuwa tupu."
Akafikiri, akijikuna shingo.
"Na mbwa, kidogo."

Nimesharudi Uyole. Punje ziko kwenye kisahani
pamoja na kifutio na funguo nisiyoijua mlango wake.
Mke wangu ameuliza mara mbili kama azitie chunguni.
Jana usiku nilifungua ukurasa wa pili.
Bibi nimemwondolea mafunzo,
nimempa kisu na mkungu wa ndizi mbichi.
Kuni zimelowa, moto unakataa,
mtoto anapuliza, macho yanamtoka machozi ya moshi,
ana njaa kwelikweli sasa,
na mvua niliyoianzisha saa tatu
hata mimi sijui
itakatika ukurasa gani.