Lango la Thelathini na Saba

Mashua tumeikodi kwa juma moja, na mwendo wake ni wa kobe:
baiskeli zinatupita ukingoni, bata pia.
Baba mkwe wangu, Anselme, ameushika usukani,
kofia ya sufu kichwani, Juni yote hii, hataki kuivua.
Tangu asubuhi amesema neno moja: "Polepole."
Kana kwamba kuna namna nyingine.

Vijiji vinakuja kwa zamu, havina papara.
Kwanza mnara wa kanisa, umeinama kidogo
kama shingo ya mtu asiyesikia vizuri;
kisha vigae, kisha harufu ya mkate,
kisha jiwe la waliokufa vitani:
Bourdillat, Bourdillat, Bourdillat,
na chini yao nafasi tupu,
maana mchongaji hakujua kama wamekwisha.
Banda la kufulia bado limesimama, halina mfuaji.
Mawe yamebonyea pale yalipotua magoti.

Hatushuki. Anselme anatafuta kijiji kimoja tu,
na humo hajawahi kulala hata usiku mmoja.

Ilikuwa Februari. Tishari lilibeba makaa.
Mama yake, Léontine, alishikwa na uchungu
chombo kikiwa ndani ya lango, kuta kushoto na kulia,
maji yakipanda.
Mlinzi akazifunga vali.
Akaliacha tishari nusu ya kimo, si chini si juu,
akaruka juu ya baiskeli kwenda kumwita mkunga.
Nyuma, matishari sita yakapiga honi na matusi
hadi habari ilipowafikia.
Wakanyamaza.
Mmoja akaleta supu ya vitunguu.

Mtoto alipotoka, kitovu mkunga alikitupa majini,
nayo maji, kama ujuavyo, hayatunzi amana.

Corvenay. Ofisi ya meya hufunguliwa Jumanne na Ijumaa.
Karani, Solenne, kijana wa kucha za bluu,
anapuliza vumbi, anafunua daftari, anasoma:
amezaliwa saa kumi na moja jioni,
ndani ya tishari Mésange, lango la thelathini na saba,
wazazi hawana makazi maalumu.
"Rudia hapo mwisho," anasema Anselme.
Anarudia.
Mzee anatikisa kichwa taratibu,
kama mtu aliyeletewa deni alilokwisha kulilipa.
Shuleni, kila bandari shule yake, wiki mbili, wiki tatu,
walimkalisha nyuma karibu na makoti,
na mwalimu alipouliza, "Kwenu wapi?"
alionyesha dirisha.

Langoni tunamkuta Ghislaine, mwanafunzi, kibarua cha likizo.
Vali siku hizi ni kitufe.
Tunaingia. Milango inafunga nyuma yetu kwa mguno,
maji yanaanza kutubeba,
na Anselme anamwomba asimamishe katikati.
"Siruhusiwi," anasema binti.
Anatazama nyuma: hakuna foleni,
ila korongo mmoja wa kijivu, naye hana haraka.
Anabonyeza.

Kimya. Ukuta unavuja, kuvu na ngazi ya chuma.
Juu, kipande cha mbingu chenye pembe nne.
Anselme anavua kofia.
Nilidhani atalia, nikatazama kamba, nikajifanya naikaza.
Yeye akaweka kiganja kwenye jiwe,
akakiacha hapo kwa muda wa kumenya chungwa,
akakinusa.
"Makaa," akasema. Mimi nilisikia matope tu.
Akavaa kofia. "Haya, binti. Jaza."

Tukapanda. Ukatokea ukingo, yakatokea maua ya Ghislaine
kwenye ndoo ya rangi, paa, mnara, mkate.
Naye, daftari mkononi, akatuuliza
swali analouliza kila chombo:
"Mnatoka wapi?"

Nikafungua mdomo. Anselme akanitangulia:

"Hapa hapa," akasema. "Chini kidogo."