Viti Viwili

Mvua inapiga mabati ya Kadutu.
Mwalimu Nshombo anapaza sauti, anaandika:
kende, gyula.
Chaki inakatika kwenye neno la pili.

Wahungari wa kale, anasema, walikuwa na wawili.
Mmoja mtakatifu, farasi wake akiongozwa taratibu,
jina lake hulitaji ila macho yako chini.
Mwingine ana upinde, ana madeni,
ana matope hadi magotini.
Yupi aliyetawala?

Kimya. Nankafu, dawati la nyuma,
yuko kwao: baba kitini
tangu mgodi ulipomrudisha bila mguu.
Ugali hauguswi kabla mkono wake haujatangulia,
hapiti mtoto mbele yake bila kuinama.
Na mama, saa kumi alfajiri,
gunia la makaa mgongoni, kamba kipajini,
anashuka kwenda Nyawera
kupigana na bei, na askari, na mvua hii hii.

“Wote wawili,” anasema Nankafu.
Halafu, kama anayejiuliza mwenyewe:
“Lakini njaa ikiingia, mwalimu,
walimuua yupi?”

Nshombo anachukua kitambaa.
Anafuta ubao polepole,
akianzia neno la kwanza.